Bwawa, banio au chemchemi? Nairobi, Dar na Mombasa wanavyoteka maji ya mlimani, na mji mdogo uchague nini

Kwetu tupo chini ya mlima kabisa, Aprili mvua inapiga mpaka barabara inakatika, halafu ikifika Oktoba akina mama wanapanga foleni ya madumu saa kumi alfajiri. Juzi kwenye mkutano wa hadhara likaja swali, mradi ukija tuombe upi, bwawa, banio la mtoni (kizuizi kidogo cha kuchotea maji ya mto) au tujengee ile chemchemi ya kule juu? Watu wakagawanyika makundi matatu na kila kundi lina mji wake wa mfano. Mmoja anasema Nairobi wana bwawa kubwa, angalia walivyo. Mwingine anasema Dar wanakunywa mto tu na ni mji mkubwa vile. Wa tatu aliwahi kuishi Mombasa, anasema maji ni ya chemchemi, mengine kelele. Mimi Dar nimekaa miaka kadhaa, Nairobi kwa shemeji nimekaa pia, Mombasa kuna shangazi, basi nikawaahidi nitaandika tulinganishe vizuri kabla ya kupiga kura.

Kitu cha kwanza tukubaliane. Hii miji mitatu yote inakunywa mlima. Nairobi inakunywa Aberdare, Dar inakunywa Uluguru kupitia mto Ruvu, Mombasa sehemu ya maji yake inatoka vilima vya Chyulu kupitia Mzima Springs. Milima yote hiyo inapata mvua. Kwa hiyo ukija mkutanoni ukasema "mlima wetu una maji mengi" bado hujasema kitu. Cha kuuliza ni yale maji ya Mei yanasubiri wapi mpaka Oktoba. Nairobi yanasubiri nyuma ya tuta, Mombasa yanasubiri ndani ya mwamba, Dar kwa miaka yote hii hayasubiri popote, yanapita tu kwenda baharini. Ukishika hilo mengine yote yanaeleweka.

Nairobi, maji nyuma ya tuta

Walianza kidogo kama sisi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mji ulikuwa wa reli, ukawa unakunywa chemchemi za Kikuyu. Mji ukakua, likaja bwawa la Ruiru, halafu miaka ya 1950 likaja la Sasumua kule Kinangop, lenyewe linabeba kama mita za ujazo milioni 16. Halafu kati ya 1989 na 1994 wakajenga bwawa la Thika ambalo kila mtu analiita Ndakaini, lipo Gatanga, Murang'a, katikati ya mashamba ya chai. Tuta lake ni la udongo, linaenda juu zaidi ya mita 60, na likijaa linabeba mita za ujazo milioni 70. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ni lita bilioni 70. Kutoka hapo maji yanapitishwa kwenye mahandaki na mito mpaka mtambo wa Ngethu, yanasafishwa, kisha yanashuka kwa bomba mpaka matenki ya Gigiri ndiyo yagawanywe mjini. Njia karibu yote hiyo ni mserereko, yaani maji yanashuka yenyewe kwa sababu bwawa lipo juu zaidi ya mita 2,000 na mji upo chini yake. Shikeni hapo kwenye mserereko, nitaparudia.

Nimepiga hesabu ya haraka. Ndakaini ikiwa imejaa mpaka juu, halafu tuseme mito yote ikauke siku moja, ukawa unatoa mita za ujazo 450,000 kila siku, una siku kama 155. Miezi mitano! Hiyo ndiyo faida ya bwawa na hakuna tenki la mtaani litakalokupa hiyo.

Sasa mtaniuliza mbona shemeji yako Nairobi anapata maji siku mbili kwa wiki. Swali zuri. Sensa ya 1989, mwaka wameanza kujenga Ndakaini, Nairobi ilikuwa na watu milioni 1.3. Sensa ya 2019 ikawa milioni 4.4. Mji umezidi mara tatu na kwa karibu miaka 30 halikuongezwa bwawa lingine. Pili maji mengi yanapotea njiani, kati ya asilimia 40 na 50 hayalipiwi, mengine yanavuja mengine yanaibiwa, na mimi hapa naumia sana maana ni maji yaliyokwisha kusafishwa yale, watu wamehamishwa kwenye mashamba yao kupisha bwawa halafu nusu inaishia kwenye mtaro. Tatu wameweka mayai kwenye kapu moja, sehemu kubwa ya maji ya mji imeegemea Ndakaini. Mvua za mwisho wa 2016 zilipogoma bwawa likashuka chini ya nusu, Januari 2017 mgao ukaanza.

Ndiyo wakachimba handaki la Northern Collector, kilomita 11.8 chini ya mlima, linachota mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kumwaga Ndakaini, lilipangwa kuongeza mita za ujazo 140,000 kwa siku na limekuja kuanza kazi 2022. Mwaka huohuo na bwawa la Karimenu II kule Gatundu, mita za ujazo milioni 26.5, likazinduliwa, hilo linahudumia Ruiru na Juja na kusaidia Nairobi. Lakini lile handaki lilileta ugomvi mkubwa mno. Watu wa Murang'a waliogopa mito yao itakauka, wanasiasa akiwemo Raila Odinga waliupinga hadharani mwaka 2015, na aliyekuwa gavana Mwangi wa Iria akadai asilimia 25 ya mapato ya maji ibaki kwao. Wahandisi walijibu kwamba linachukua maji ya mafuriko tu na mto unaachiwa kiasi chake kwanza. Mimi sisemi nani mkweli, nasema hivi, ukichagua bwawa jua umechagua na mazungumzo na watu wa juu, na mazungumzo hayo yafanyike kabla kijiko cha kuchimbia hakijaingia shambani.

Dar, mto mtupu

Hapa niliishi kwa hiyo nina uchungu napo.

Ruvu Juu pale Mlandizi ni mtambo wa 1959, Ruvu Chini upande wa Bagamoyo ni wa 1976. Yote miwili imepanuliwa, Ruvu Juu inaweza lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini milioni 270, jumla 466. Ni maji mengi na kwa miezi mingi ya mwaka kazi inafanyika, tuseme ukweli. Kinachofanyika ni rahisi, mto unapita, unaweka banio, unavuta kwa pampu, unasafisha, unasukuma mpaka matenki makubwa ya Kimara na yale ya upande wa Chuo Kikuu, halafu yanashuka mitaani. Hakuna ziwa nyuma, hakuna akiba. Matenki yale yote ya mjini ukiyajumlisha ni ya kutatua masaa, siyo miezi.

Oktoba 2022 mto ukashuka. Uzalishaji ukatangazwa umefika kama lita milioni 300 tu kwa siku, mgao ukaanza, visima vya Kigamboni vikaharakishwa kuingizwa kwenye mfumo. Mtaani kwetu tulikaa siku tano bomba kavu, maboza yakawa ndiyo wafalme, bei ya dumu ikapanda mara mbili ndani ya wiki moja na jirani yangu mwenye watoto wadogo watatu alikuwa anatumia hela ya mboga kununua maji. Siyo kwamba Uluguru haikuwa imepata maji mwaka ule au mwaka wa nyuma yake, yalipita. Yalipita mbele ya macho yetu Aprili na Mei mto umefurika rangi ya chai ya maziwa, tukayaaga.

Dawa yake inajulikana miaka na miaka, ni bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini. Mkataba wa ujenzi umesainiwa Novemba 2022, limepangwa kubeba mita za ujazo milioni 190, karibu mara tatu ya Ndakaini. Na watu wengi hawaelewi hili: Kidunda halitakuwa na bomba la kwenda Dar. Kazi yake ni kushika maji ya masika na kuyaachia taratibu mtoni wakati wa kiangazi, ili mabanio ya Mlandizi na Bagamoyo yakute mto una maji. Kwa hiyo banio na bwawa siyo maadui hata kidogo, bwawa linaweza kukaa juu likamlinda banio wa chini. Kwenye mkutano wetu watu walikuwa wanagombana kama ni Simba na Yanga.

Mombasa, maji ndani ya mwamba

Huu ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Chyulu ni vilima vya volkano changa, vimelipuka mara ya mwisho katikati ya miaka ya 1800, mwamba wake ni kama sponji. Mvua ikinyesha kule juu hukuti mito, maji yanazama yote, yanatembea chini kwa chini taratibu, yanakuja kutokea Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, masafi kiasi kwamba unawaona viboko na samaki mle ndani. Bomba la kwenda Mombasa lilikamilika miaka ya 1950, kilomita kama 220, na maji yanashuka kwa mserereko mpaka pwani, yanafika kama mita za ujazo 35,000 kwa siku. Hakuna tuta la kupasuka, hakuna mtu aliyehamishwa kupisha ziwa, mvuke wa jua hauyagusi, tope haliyagusi. Akiba ipo na ni mlima wenyewe.

Lakini shangazi yangu Kisauni ananunua maji ya mkokoteni! Kwa sababu 35,000 ni 35,000. Chemchemi huiambii iongeze. Mji umekua mara nyingi tangu bomba lile, mahitaji ni mara kadhaa ya hicho, na njiani kuna miji mingine nayo ina kiu, bomba lenyewe limezeeka. Maji mengine ya Mombasa inabidi yavutwe kwa umeme kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki na mengine Marere kule Shimba Hills. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa muda mrefu, na watu wa Taita Taveta wanauliza haki yao kama walivyouliza wa Murang'a, na wana haki ya kuuliza.

Ukiyaweka pembeni kwa pembeni

Siku za akiba: bwawa miezi, chemchemi nzuri mwaka mzima ila kwa kipimo kilekile, banio tupu ni sifuri. Hapa hakuna mjadala.

Umeme. Hili watu wanalisahau na ndilo linaloua miradi midogo. Ndakaini na Mzima ni mserereko, Dar ni pampu, umeme ukikatika Mlandizi basi Kimara inaanza kukauka. Dar hawakuwa na jinsi, wanachota mto ukiwa umeshafika tambarare, ila sisi tupo chini ya mlima tuna jinsi! Banio likiwekwa juu, kabla mto haujashuka kwenye mashamba, maji yanakuja yenyewe na bili ya umeme ni ndogo au hakuna. Nimeona jumuiya ya watumiaji maji wilaya jirani wamefunga mradi mzuri kabisa kwa sababu walishindwa bili ya pampu, mabomba yapo, matenki yapo, maji hayapo. Kwa hiyo mtu akituletea mchoro wenye pampu tumuulize kwanza hela ya umeme mwezi wa sita baada ya uzinduzi atalipa nani.

Tope. Bwawa linajaa tope, na tope likijaa bwawa limekwisha. Nendeni Morogoro mkaangalie bwawa la Mindu kwenye mto Ngerengere, udongo wa milimani umelipunguzia kina mpaka ikabidi upangwe mradi wa kuliinua tuta. Kila mkulima anayelima mteremko bila matuta anaweka udongo wake bwawani bila kujua. Nairobi waliliona hili, 2015 ukaanzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wakulima wa kule juu wanasaidiwa kuweka matuta na nyasi na vidimbwi vya kuvuna mvua ili udongo ubaki shambani. Hata Uluguru iliwahi kufanyika, Kibungo Juu wakulima walilipwa kwa kutunza miteremko. Napenda sana wazo hili maana linamfanya mtu wa juu awe mwenzetu badala ya mtu wa kulaumiwa. Banio nalo linaumwa tope, mvua kubwa ikipiga chujio zinaziba na mnazima maji siku mvua ndiyo inanyesha. Chemchemi haina shida hiyo ila ina yake: maji ya volkano yanaweza kubeba floraidi, watu wa Arusha wanaijua kwa meno ya kahawia ya watoto wao, na maji yanaonekana masafi kama kioo. Kwa hiyo chemchemi ipimwe maabara kabla ya bomba hata moja kununuliwa.

Hatari. Bwawa likijengwa vibaya linaua. Mei 2018 bwawa la shamba kule Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na zaidi ya watu 40 wakafa. Hata yale ya serikali, mwaka 2003 mafuriko yaliharibu utoro wa Sasumua, ile njia ya kutolea maji ya ziada, Nairobi ikapata taabu ya maji kwa sababu ya mvua kuwa nyingi. Kwa hiyo wale mliosema mkutanoni "tuchimbe wenyewe kwa kijiko cha halmashauri" nawaomba muache. Tuta linahitaji mhandisi, kibali cha ofisi ya bonde la maji, na mtu wa kulikagua kila mwaka.

Pesa sitazungumza sana, Kidunda ni zaidi ya shilingi bilioni 320 za kwetu, Karimenu ilikuwa karibu bilioni 24 za Kenya, sisi hatupo huko. Kujengea chemchemi na bomba la kilomita chache ni kitu ambacho halmashauri inaweza kukibeba.

Sasa sisi tuchague nini

Kama ni kijiji au mji wa watu elfu chache na kuna chemchemi juu yenu isiyokauka, chukueni chemchemi, msihangaike. Jengeeni pale inapotoka, wekeni uzio, ng'ombe wasiingie, miti isikatwe juu yake, tenki moja la kukusanya maji ya usiku maana usiku watu wamelala na maji yanaendelea kutoka, asubuhi mnayakuta. Tenki hapo lina maana kubwa.

Kama mji umefika watu elfu ishirini, thelathini, chemchemi peke yake itawaangusha kama ilivyoiangusha Mombasa. Hapo ni banio la juu kwa mserereko, pamoja na chemchemi, vyote viwili viingie tenki moja. Kiangazi mto ukishuka chemchemi inabaki na watu wanapata cha kunywa hata kama kufua kutasubiri. Na eneo la bwawa litafutwe mapema na lisijengwe nyumba, hata kama bwawa lenyewe litakuja baada ya miaka 15, kwa sababu bonde zuri likishajaa watu fidia itawashinda.

Jiji lolote linalonywa mto mtupu linatakiwa bwawa, na linatakiwa kabla ya kiu siyo baada. Hilo halituhusu leo ila vijana wetu wanahamia Dodoma na Dar, wanahusika.

Kwa hapa kwetu msimamo wangu ni chemchemi kwanza, halafu banio la juu. Kundi la bwawa mnisamehe, hoja yenu ni nzuri ila imewahi miaka.

Na kabla ya mkutano ujao tufanye kazi moja isiyo na gharama. Tusiipime chemchemi sasa hivi mvua ikiwa bado inanyesha, tuipime mwisho wa Septemba au Oktoba mlima ukiwa umekauka. Tunakinga kwa bomba fupi maji yote yaingie sehemu moja, tunaweka ndoo ya lita 20, mmoja anashika simu anahesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10 ni lita 2 kwa sekunde, kwa siku nzima ni lita 172,800, ukimpa kila mtu lita 50 unahudumia watu kama 3,450. Ikijaa kwa sekunde 40 ni robo ya hao, watu 860 tu, na hapo tutajua banio linahitajika toka siku ya kwanza. Tupime mara tatu kwa siku, wiki nzima, tuandike kwenye daftari. Mimi nina ndoo na bomba la inchi mbili, nahitaji watu wawili wa kupanda nao Jumamosi ya mwisho ya Septemba, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi pale kwenye mnazi wa shule.